Nilikwama mara tatu kurudia mtihani wa Kidato cha Nne. Mara ya nne maharage ndiyo yaliyonivusha

Maharage_ya_Asubuhi, 27 Desemba, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za kuelekea mwaka mpya. Naona kila uzi humu ni malengo ya Januari: huyu anaacha pombe, yule anaanza msingi wa nyumba, mwingine anapunguza kitambi. Nami nichangie langu, ila nitaandika kwa vipande maana niko jikoni.

Mimi ni wa Kidato cha Nne 2012. Waliokuwepo wanajua. Februari 2013 matokeo yalipotoka, watahiniwa 240,903 tulikuwa na sifuri. Nchi ikapiga kelele, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na Mei nikajikuta nina daraja la nne, pointi 33. Yaani D mbili, Kiswahili na Uraia, kwingine kote F. Mama akachinja kuku. Sikumwambia kwamba pointi 33 na sifuri ni majirani wanaoazimana chumvi.

Nilikuwa nataka famasi. Kuingia diploma ya famasi unatakiwa uwe umefaulu masomo manne yasiyo ya dini, Kemia na Baiolojia yakiwemo. Mimi nilikuwa na mawili, na siyo hayo. Ikabidi nirudie kama mtahiniwa wa kujitegemea, wale ambao namba zetu zinaanza na P badala ya S.

2015 nikalipa ada, nikanunua vitabu, nikabandika ratiba ukutani: saa kumi alfajiri Kemia, saa kumi na moja Baiolojia. Ratiba ilikuwa na rangi tatu. Nilidumu siku kumi na nne. Novemba hata chumba cha mtihani sikukanyaga, matokeo yakatoka mbele ya namba yangu pameandikwa ABS. 2017 nikaingia tuisheni, nikamaliza mwezi mmoja. 2020 nikaungwa grupu la WhatsApp la wanaorudia, watu 180, tunatumiana maneno ya kutiana moyo tangu alfajiri. Tulitiana moyo sana. Kusoma ndiyo hatukusoma.

Mara zote tatu hamu nilikuwa nayo, tena ya kugawa. Ile siku ya kubandika ratiba nilitembea mtaani kama mtu aliyekwishafaulu. Kilichopungua kilikuwa kitu kingine kabisa. Ngoja nigeuze mkaa, nakuja.

Kijiwe_Namba_Nne, saa 3:52 usiku

Nimeweka kambi hapa. Shusha vitu, mama.

Mzee_wa_Kaunda, saa 3:58 usiku

Uzi wa nne wiki hii wa "nilianguka nikainuka". Mwishoni tutaambiwa tununue kitabu cha elfu tano kwa simu. Chai hiyo, mwaga.

Maharage_ya_Asubuhi, saa 4:05 usiku

Shikamoo mzee. Kitabu sina. Nina maharage, na hayo ukitaka njoo na bakuli lako.

Mzee_wa_Kaunda, saa 4:06 usiku

Marahaba. Endelea basi.

Maharage_ya_Asubuhi, saa 4:31 usiku

Naendelea.

Biashara yangu tangu 2016 ni kuuza maharage yaliyochemshwa. Mkaa ni ghali na maharage yanakula mkaa, kwa hiyo majirani wanakuja asubuhi na bakuli, wananunua yaliyoiva, wanakwenda kuyaunga kwao na kitunguu au nazi wanavyopenda. Mchana naloweka, saa tatu usiku nainjika, saa tano naipua. Kila siku. Niwe naumwa, niwe nimegombana na mtu, mvua inyeshe. Nisipoinjika, asubuhi hakuna hela ya shule ya mtoto. Sijawahi hata siku moja kujiuliza kama leo nina hamu ya kuchemsha maharage.

Na hayo masaa mawili huwezi kuondoka. Maji yakipungua unaongeza ya moto, mkaa ukizidi unapunguza. Unakaa hapo. Miaka sita nilikaa hapo nikichezea simu.

Mwanzoni mwa 2022 nikajisajili mara ya nne, 50,000 kabla ya tarehe ya mwisho, maana ukichelewa ni 65,000 na mimi uchelewaji naujua. Safari hii sikuchora ratiba. Nilijiwekea neno moja tu: sufuria likikaa jikoni, daftari linakaa mapajani. Maswali matatu ya mitihani ya zamani. Siyo sura nzima ya kitabu, siyo "nisome mpaka nielewe". Matatu. Nikiwa hoi, moja. Lakini daftari lazima lifunguke kabla maji hayajachemka.

Wiki ya tatu hamu ikafa. Ilikufa palepale inapofiaga siku zote, nilikuwa naisubiri. Nikakaa jikoni nimenuna, Kemia naichukia, kila swali la moli naliona kama tusi. Ila sufuria lilikuwa jikoni, kwa hiyo daftari lilikuwa mapajani. Ndiyo tofauti yote na miaka ile mingine. Hamu ilikufa, maharage hayakuwa na habari.

Kuna usiku mmoja, nadhani Mei, nilianza kuelewa hesabu za moli, yaani kuelewa kweli, mpaka nikasahau niko wapi. Harufu ndiyo iliyonizindua. Maharage yote yameungua, kilo nne. Nilipata hasara, wateja wakanisema wiki nzima. Sijawahi kufurahia hasara kama ile.

Binti_Mikindani, saa 4:44 usiku

😂😂 Kilo nne! Pole dada. Mimi nina cherehani imekaa miezi mitano sijaigusa, nilisema nitajifunza kushona. Nimejiona hapa.

Shauri_Yako, saa 5:10 usiku

Siri ni siku 21 tu. Ukifanya jambo siku 21 mfululizo linakuwa mazoea, halihitaji nguvu tena. Ukikosa moja unaanza upya. Imethibitishwa.

Mwanafunzi_wa_Chimwaga, 28 Desemba, saa 1:15 asubuhi

Mkuu hapo juu, hiyo ya 21 ina historia yake. Ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 kuzoea sura mpya kwenye kioo. Kuzoea pua mpya, siyo kuamka alfajiri kukimbia. Watu wakadondosha "angalau", wakabaki na namba.

Waliopima mazoea yenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, wakachapisha 2010. Walifuatilia watu 96, kila mmoja na tendo dogo la kila siku, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Wastani wa tendo kuwa la kujiendea ulikuwa siku 66, lakini wengine makadirio yao yalikuwa siku 18 na wengine 254. Na walioteleza siku moja hawakurudi mwanzo, mstari uliendelea kupanda kama kawaida. Hiyo "ukikosa moja unaanza upya" ndiyo inayoua watu.

Mleta mada, ulichofanya na sufuria nimekisoma darasani. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, ndiye aliyekiandika sana, makala yake maarufu ni ya 1999. Anatofautisha kusema "nataka kufaulu" na kusema "ikitokea A, nafanya B". Ukishafunga jambo kwenye ishara iliyopo tayari, huamui tena kila siku. Ishara ndiyo inayokuita.

Maharage_ya_Asubuhi, saa 2:20 asubuhi

Asante mdogo wangu. Mimi nilikuwa siijui hiyo, nilikuwa sina tu saa nyingine.

Hiyo ya kukosa siku ni kweli tupu. 2015 nilivyokosa asubuhi moja nikaona ratiba imeharibika, bora nianze Jumatatu. Jumatatu ikawa ya wiki inayofuata. Jumatatu imemeza watu wengi kuliko bahari.

Mzee_wa_Kaunda, saa 3:02 asubuhi

Vijana mnatafuta wazungu wawaeleze kwa nini mnasinzia. Mwaka 1968 kwenye Olimpiki kule Mexico, Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alianguka katikati ya marathoni, goti likaumia vibaya. Akafunga bandeji akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaanza, saa moja na zaidi baada ya mshindi, wa 57, wa mwisho. Wakamuuliza kwa nini hukuacha, akasema nchi yake haikumtuma kule kwenda kuanza mbio, ilimtuma kumaliza. Yeye alikuwa na sufuria? Ni moyo. Moyo tu.

Maharage_ya_Asubuhi, saa 5:47 asubuhi

Mzee wangu, Akhwari simgusi. Ila nimelisoma tena hilo jibu lake wakati napima maharage na kuna neno limenikaa: ilimtuma. Hakusema "nilikuwa na moyo". Alisema kuna aliyemtuma, na atarudi kumwambia nini. Mimi miaka yote ile hakuna aliyenituma. Nilijituma mwenyewe, na mwenye kujituma mwenyewe anajisamehe mwenyewe, jioni hiyohiyo.

Hii sehemu nilitaka kuiruka maana inamhusu mtu, lakini naieleza bila jina. Nina mteja, mwalimu mstaafu, alifundisha sekondari miaka mingi. Kila siku saa kumi na mbili na nusu anakuja na bakuli la bluu lenye mfuniko. Siku moja aliona daftari langu lina masizi akaliomba. Akatoa kalamu mfukoni, mstaafu huyu bado anatembea na kalamu nyekundu, akasahihisha swali moja amesimama. Akasema, "Kesho nitaangalia ya leo."

Basi. Hakunihubiria. Kuanzia siku ile akija haulizi hali, anauliza "ya jana yako wapi?" Mimi napima maharage, yeye anapima maswali. Nikiwa sijafanya anasema "haya" na anaondoka, na ile "haya" yake ilikuwa inaniuma kuliko fimbo. Kipimo chake huwa nakizidisha mpaka leo, anajifanya haoni.

Binti_Mikindani, saa 6:30 mchana

Lakini dada, wazee wetu wanatukataza kutangaza mambo kabla hayajaiva. Kuna macho. Mimi nikisema tu kitu, hakiwi.

Mwanafunzi_wa_Chimwaga, saa 7:11 mchana

Macho sijui, ila Gollwitzer na wenzake mwaka 2009 walionyesha jambo linalofanana. Watu waliokuwa na nia ya kuwa wa fani fulani, mfano wanafunzi wa sheria, nia yao ikishasomwa na kutambuliwa na mwingine, walitia juhudi kidogo kuliko wale ambao nia yao haikusomwa na mtu. Maelezo yao ni kwamba ukishatambuliwa unajisikia umekaribia kufika. Ndiyo ile ya kutembea mtaani kama mtu aliyekwishafaulu.

Maharage_ya_Asubuhi, saa 8:05 mchana

Umeona sasa! Grupu la watu 180 lilinipa sifa za bure, kila mtu "hongera mfamasia wetu mtarajiwa". Yule mwalimu mwanzoni sikumwambia hata kama nataka famasi. Alikuwa hajui ndoto yangu, alijua maswali matatu ya jana. Kwa hiyo Binti, ndoto ifiche tu kama wazee walivyosema. Kazi ya jana ndiyo uionyeshe, na kwa mtu mmoja asiyekupenda kupita kiasi. Mama yangu angenionea huruma.

Kijiwe_Namba_Nne, saa 10:40 jioni

Mimi langu ni pikipiki. Miaka minne naendesha ya tajiri. Hesabu elfu kumi kwa siku, sijawahi kulala na hesabu ya mtu. Nimenunua kibubu mara tatu ili nijinunulie ya kwangu na mara tatu nimekipasua. Mara ya mwisho nilikipasua kwa sababu ya mechi. Niambieni ukweli, mimi nina shida gani?

Mluhya_Mpole, saa 11:15 jioni

Ndugu yangu wa Bongo, huna shida, kibubu ni cha kupasuka. Huku kwetu Magharibi ya Kenya wanauchumi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya jaribio na watu wa vikundi vya kuwekeana pesa, wakachapisha 2013. Wengine walipewa sanduku la kufuli na ufunguo wao wenyewe, waweke akiba ya mambo ya afya. Wengine sanduku hilohilo lakini ufunguo unakaa kwa mtu wa mradi. Ungedhani la pili ndilo kali. Wapi! Lile la ufunguo mkononi ndilo lilisaidia zaidi, maana mtu akijua hela yake haiguswi hata mtoto akiugua, anaogopa kuiweka. Kuwa tu na mahali pake kulitosha kumwambia shemeji "hizo si za matumizi".

Kijiwe_Namba_Nne, saa 11:22 jioni

Sasa mbona mimi nilikuwa na mahali pake na nikapasua?

Maharage_ya_Asubuhi, saa 3:15 usiku

Kaka yangu, umejijibu mwenyewe juu hapo na hukusikia. Hesabu ya tajiri hujawahi kukosa miaka minne. Ya kwako ndiyo unakosa. Hesabu ya tajiri ina saa, ina kiasi, ina mtu anayesubiri. Kibubu chako kinakula kinachobaki, na siku za mechi hakibaki kitu.

Muda uleule unapotuma hesabu, kabla simu hujairudisha mfukoni, tuma na elfu moja ya kwako. Siyo tano, utashindwa wiki mbili halafu urudi humu kulia. Kama mpo kwenye mchezo hapo kijiweni, hiyo elfu moja iwe ya mchezo. Wenzako kumi wakikusubiri hutapasua.

Kijiwe_Namba_Nne, saa 3:19 usiku

Mchezo upo, wa elfu mbili kila siku. Nilikuwa nauona wa kina mama.

Shangazi_wa_Tabata, saa 3:25 usiku

Kina mama ndio wenye viwanja, mwanangu.

Nimechoka_Makulu, 30 Desemba, saa 5:50 usiku

Nimewasoma wote. Swali langu ni la upande mwingine. Mimi nimesoma uhasibu jioni miaka mitatu, nafeli somo lilelile, na kila mtu ananiambia usikate tamaa. Hivi hakuna lengo la kuachwa? Maana nahisi nalishikilia kwa aibu tu.

Maharage_ya_Asubuhi, 31 Desemba, saa 3:30 usiku

Nimelala na swali lako siku nzima, samahani kwa kuchelewa.

Mwaka ule 2022 nilisajili masomo manne: Baiolojia, Kemia, Fizikia, Hisabati. Hisabati nilitaka kwa hasira, kwa sababu mwalimu mmoja zamani aliniambia sina kichwa cha hesabu. Kila swali moja la Hisabati lilikula usiku wa maswali matatu. Juni yule mstaafu akaniuliza, "Hilo la nani?" Nikasema la mtihani. Akasema, "Huko unakotaka kwenda wanalitaka?" Hapo ndipo nilipomwambia kuhusu famasi, tena nikagundua kwamba hawalitaki, wanataka manne na mimi ningekuwa nayo bila hilo. Nikaliacha siku hiyohiyo. Novemba niliingia chumbani nikaandika namba yangu na vitu vichache, nikapata F na F hiyo sikuililia.

Kwa hiyo ndiyo, yapo ya kuachwa. Mimi nililoacha lilikuwa la kumjibu mtu ambaye hata hanikumbuki. La kwako silijui. Je, uhasibu ukiupata kesho asubuhi, kuna kazi unayoitaka nyuma yake, au kuna mtu unayetaka anyamaze?

Nimechoka_Makulu, saa 4:02 usiku

Kuna mtu.

Nimechoka_Makulu, saa 4:10 usiku

Ni baba. Alishafariki lakini.

Mzee_wa_Kaunda, saa 4:21 usiku

Pole sana kijana. Njoo faragha tuongee, mimi nimekuwa mhasibu miaka thelathini. Siyo kila mtu anafaa na wala siyo aibu.

Shauri_Yako, 1 Januari, saa 4:00 asubuhi

Mleta mada hukumalizia. Matokeo?

Maharage_ya_Asubuhi, 1 Januari, saa 3:20 usiku

Heri ya mwaka mpya. Matokeo yalitoka Januari 2023. Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D, Hisabati nimeshasema. Nyie mliozoea A mtacheka. Ile D ya Kemia imeandikwa na mkaa. Oktoba nikaanza chuo, sasa niko mwaka wa tatu wa diploma, ada inatoka kwenye sufuria hilihili. Bado nasomea hapahapa jikoni, ila siku hizi ni dozi na majina ya dawa. Mstaafu wangu Baiolojia ya famasi haijui, lakini bado anauliza ya jana yako wapi, na anatia vema kwa kalamu nyekundu kitu ambacho hakielewi.

Hamu haijarudi hivyo, mkitaka kujua. Inakuja kama umeme wa mtaani kwetu. Ikiwepo nasoma kurasa kumi, isipokuwepo natoa tatu zangu nalala.

Kijiwe_Namba_Nne, 19 Januari, saa 2:10 usiku

Ripoti kijiweni: siku 18 kwenye mchezo, nimekosa moja, pikipiki ilikuwa gereji. Zamu yangu ya kupokea ni mwezi ujao. Mechi naangalia kwa jirani.

Msomaji_Kimya, 22 Januari, saa 11:48 jioni

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Na mimi ni wa 2012, sifuri, na yalipopangwa upya nikabaki na sifuri. Huu uzi nimeusoma mara tatu. Leo nimekwenda kituoni, nimelipa ile 50,000. Miaka yote nilikuwa nasubiri nipate moyo. Baiolojia naiogopa.

Maharage_ya_Asubuhi, 22 Januari, saa 3:09 usiku

Hongera ndugu yangu wa 2012. Niambie, usiku huwa unafanya nini kila siku bila kukosa?

Msomaji_Kimya, saa 3:14 usiku

Mimi ni mlinzi, dada. Usiku ndiyo niko kazini. Nakaa getini mpaka asubuhi.

Maharage_ya_Asubuhi, saa 3:15 usiku

Getini pana taa?